Kelele Haina Miguu

Alipenda kusema kwamba kelele haina miguu. Ukiisikia nyumbani kwako, basi kuna mtu aliyeibeba akaileta. Siku ya kwanza kunitolea maneno hayo alikuwa amesimama mlangoni pa duka langu, asubuhi, mimi nimepiga magoti natafuta sindano iliyoanguka. Macho yake hayakuwa kwangu hata kidogo. Yalikuwa kwenye cherehani yangu ya umeme.

"Nyar Seme," akaniita. Jina langu hakulitaja miaka yote niliyomjua. Aliniita binti wa Seme, vile watu wa kwetu wanavyomwita mwanamke kwa alikotoka. "Hiyo mashine yako ilikuwa inatembea saa hii?"

"Ndio kwanza nafungua, Mzee. Hata kitambaa sijakata."

"Lakini waya yake iko kwa ukuta."

"Iko."

"Chomoa. Waya ikiwa kwa ukuta inakunywa tu, hata kama mashine imelala."

Nikachomoa. Akaondoka mbio na viatu vyake vya mpira, akapotea nyuma ya maduka. Muda kidogo akarudi, akachungulia, akasema, "Bado yuko," kisha akaenda zake bila asante. Mimi nikabaki na waya mkononi nikijiuliza ni nani huyo ambaye bado yuko.

Otonglo nzima tulimwita Mzee wa Studio. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya safu yetu ya maduka, kando ya barabara ya Busia, na chumba chake cha mbele alikifanya studio ya kurekodi. Kuta zote alizibandika trei za mayai. Dirishani alitundika mablanketi, juu ya kila moja jingine. Ndani mlikuwa na mixa ya kuchanganyia sauti, deki ya kaseti, spika mbili na maikrofoni iliyoning'inia kutoka darini kwa kamba ya kuanikia nguo. Miaka ile ya themanini mtu kuwa na vitu hivyo nyumbani halikuwa jambo dogo. Kwaya zilikuja kutoka mbali, vijana wa magitaa walikuja kutoka fukweni, hata wazee walikuja kutia sauti zao kwenye kanda wawatumie watoto waliopotelea Nairobi.

Aliyekuwa "bado yuko" ni mvumo. Ukikaa kwenye chumba kile, mashine zimewashwa na hakuna anayeimba, ulisikika kwenye spika, chini kabisa, mmmmm, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Wanakwaya hawakuusikia mpaka waonyeshwe. Yeye hakusikia kitu kingine. Kwaya ingeimba mpaka jasho litoke, wanawake wanalia kwa utamu wa wimbo, naye angevua visikilizio masikioni na kusema, "Chini yenu kuna mtu."

Masikio yale, haki ya Mungu, sijaona tena. Ungempita kwa nyuma akakutajia kwamba soli ya kushoto imeachana na kiatu. Alijua friji ya baa inapoamka na inapolala. Lakini mkewe angemwita chakula mpaka ugali ukapoa, hasikii. Mama yule alikuwa akisema mumewe ana masikio ya kazini na masikio ya nyumbani, na ya nyumbani aliyasahau kwa mama yake.

Namna yake ya kutafuta ilikuwa moja. Zima kimoja, sikiliza, washa, nenda kwa kinachofuata. Alianza na taa za mirija za nyumbani kwake, akazitoa, akaishi na taa ya chemni. Akaja kwenye feni. Akaenda baa kuomba wazime friji, na mwenye baa, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, akazima, soda zikapata joto. Akaenda kwenye kinu cha kusaga mahindi akawaambia wasimamishe injini kidogo, akina mama wakiwa foleni na madebe yao. Hapo nusura apigwe. Mimi alinizimisha mara nyingi hata nikazoea. Nilikuwa nikimwona anakuja nachomoa kabla hajafungua mdomo.

Njia yenyewe si mbaya, siwezi kuisema vibaya. Hata mimi cherehani ikiruka mishono nabadilisha sindano kwanza, halafu uzi, halafu nafungua chini, kimoja kimoja. Ubaya ni kwamba yeye aliitumia kwa watu pia.

Alikuwa na mshirika, mpiga gitaa mmoja waliyenunua naye ile mixa. Siku moja akaamua kwamba yule bwana ndiye anayelegeza nyaya ili studio ife, apate kuanzisha yake mjini. Akamkata. Akasikiliza. Mvumo bado uko. Akamkata fundi wa umeme aliyeweka waya nyumbani. Akamkata shemeji yake, ati anamsemea kwa watu. Kila aliyemkata hakuelezwa kosa lake. Salamu tu ilizimwa ghafla, basi. Nilimwambia siku moja, "Mzee, ukizima sana utabaki gizani." Akanijibu kwa methali, tena kwa Kiswahili kile chake cha shuleni: kikulacho ki nguoni mwako. Halafu akaangalia cherehani yangu. Aka! Nguo zote za Otonglo nashona mimi, sasa mshukiwa atakuwa nani?

Chai yake hukuweza kumwandalia kirahisi. Alitaka umimine akiona, unywe kidogo wewe kwanza. Akitoka nje kujisaidia akarudi, kikombe alichokiacha hakigusi tena; anakimwaga mlangoni na kuomba kingine. Lakini mtu huyohuyo, kina mama wa kwaya wakikosa gari la kuwarudisha kwao, aliwapa nyumba nzima, kitanda chake pamoja, naye akalala kwenye kiti na mlango wazi. Nilimuuliza haogopi wizi? Akasema mwizi anaiba vitu, hiyo ni kazi inayoeleweka. Yeye alimwogopa anayekuja kuongeza kitu kisichokuwapo.

Kanisani hakwenda. Alirekodi nyimbo za Mungu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado Jumapili hakuonekana, kwa sababu Jumapili saa ya ibada ndiyo kinu kimefungwa, baa imefungwa na mimi nimefunga. Mchungaji alipomfuata nyumbani alimwambia, "Mungu namsikia vizuri watu wakienda kumwimbia mbali." Mchungaji akachukizwa, na waumini wakapata la kusema.

Ya kusema hayakukosekana. Miaka hiyo watu waliteremsha sauti wakigusa mambo ya serikali. Ulimwangalia jirani kabla ya kumaliza sentensi. Sasa mtu ana mashine inayodaka sauti, anatembea nyumba kwa nyumba akichungulia nyaya, anauliza nani alikuwapo, nani hakuwapo. Utamdhania nini? Akiingia hotelini kwa chai maongezi yalikatika, kila mtu akawa na shughuli kubwa na mandazi yake. Naye, akiona wamenyamaza, alijua kwa hakika walikuwa wanapanga kuhusu studio yake. Hivyo tulikaa miaka, sisi tunamwogopa, yeye anatuogopa, na mandazi yanaliwa.

Lakini kilichotutisha kabisa ni kile chuma.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya dirisha la studio, siku alizokuwa akiiweka studio, alichimba shimo akapigilia chuma kirefu mpaka kikabaki kichwa tu. Kutoka kwenye kichwa hicho waya ulipanda ukutani ukaingia ndani. Kando yake alizika mkaa na chumvi. Na kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, alikwenda na kopo la maji ya chumvi akamwagia pale, akiinama, midomo ikitembea. Ai yawa! Kwa watu wa kwetu mtu anayezika mkaa na chumvi chini ya ukuta wake na kunong'ona, hiyo ni bilo, dawa, na swali ni moja tu, ameizika dhidi ya nani. Mama wa baa aliapa kwamba mbuzi wake alipita hapo akaharibu mimba. Mimi nilikuwa na kamba ya kuanika vitambaa upande ule; niliihamisha siku hiyohiyo.

Nilimuuliza, maana mimi siwezi kukaa na swali tumboni.

"Ni waya ya ardhi," akasema. "Umeme mbaya unashuka huko, unapotea kwa udongo."

"Si kwa ukuta iko nyingine? Fundi alisema kila nyumba inawekewa."

"Hiyo ni yao. Wameweka wao, sijui inaenda wapi. Hii nimechimba mimi, naijua mpaka mwisho."

"Umeacha zote mbili?"

"Zote. Moja ikinisaliti, nyingine iko."

"Na chumvi?"

"Udongo ukikauka haunywi."

Nilirudi dukani nikawaambia wenzangu, na wakacheka, wakasema hata mganga akiulizwa hujibu hivyohivyo. Jambo moja tuliliona sote, yeye pia. Mvua zikinyesha mvumo ulinenepa. Kiangazi ulipungua. Na kila alipozidisha maji ya chumvi, ulirudi kwa nguvu, naye akasema maadui wameongezeka.

Sasa nifike kwa mama yangu, kwa sababu ningekuwa nimeshamsahau mzee huyu kama si yeye.

Mama aliimba misibani. Si kuimba tu, alikuwa akiitwa. Mtu mwenye jina akifa Seme, Asembo, hata ng'ambo ya Kisumu, walimfuata mama yangu, naye akisimama mbele ya jeneza alimtungia marehemu wimbo, ukoo wake, ng'ombe wake, ukaidi wake, mpaka aliyemchukia akalia. Nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa kifuani mwake, na kifua kilikuwa kimeanza kumkataa. Alikohoa akipanda ngazi ya duka langu, ngazi yenyewe mawe mawili. Nikasema hapana, sauti hii haitaingia udongoni na mwenyewe. Nikaenda kwa Mzee wa Studio.

Kaka yangu aliwaka moto. Wimbo wa msiba kwenye nyumba isiyo na msiba? Unamwita nani? Kwetu hilo ni kuchokoza kifo, na tena kwenye nyumba ya yule mtu wa chuma na chumvi! Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia, "Baba yenu si amekufa? Nitamwimbia yeye. Sitakosa mtu wa kumwimbia wakati yeye amelala huko." Kaka akanuna, akatoka.

Kwa mama yangu Mzee wa Studio alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivua kofia. Alimchemshia maji ya tangawizi ya kulainisha koo na akayaonja yeye kwanza, mbele yake, bila kuambiwa. Malipo alikataa. Jumapili, watu wakiwa kanisani, alimwingiza chumbani, akafunga mlango, nami nikaambiwa nikakae dukani na nisiguse chochote. Nilikaa juu ya kiti changu nimeshika mikono yangu mwenyewe. Kupitia trei za mayai na mablanketi yote yale hukusikia neno.

Alitoka akitikisa kichwa. "Kuna mvumo. Aje Jumapili ingine."

Jumapili nyingine ikawa vilevile. Na iliyofuata. Mama alitoka mle akiwa amechoka, akishikilia ukuta, na mimi nikaona jinsi kila mara anavyobaki mdogo kuliko alivyoingia.

"Mzee, nipe hivyo hivyo," nikamwambia. "Mimi mvumo siusikii."

"Wewe hausikii. Watoto wako watasikia. Watasema Mzee wa Studio alimrekodi mama wa watu ndani ya kinu cha mahindi." Akapandisha sauti. "Kanda yenye mvumo haitoki kwangu! Nafuta, tunarudia."

"Mama anachoka."

"Nipe mpaka nijue ni nani. Nimekaribia. Ni mtu wa karibu sana."

Alisema hivyo akiangalia duka langu, na mimi nikasikia hasira ikinipanda mpaka shingoni. Cherehani yangu ilikuwa imechomolewa tangu Jumamosi.

Mama alilala kwa kifua mvua zilipoanza, na hakuamka. Kwenye mazishi yake, waimbaji walikuja, wanawake wazuri, waliomheshimu, lakini hakuna aliyejua nyimbo zake. Mtu aliyewaimbia wafu wa watu wote aliimbiwa nyimbo za kuokotaokota. Nilisimama pale nikaumia kuliko nilivyoumia alipokata roho. Na yeye alikuwapo, Mzee wa Studio, nje kidogo ya ua, kofia mkononi, akiangalia jenereta ya kukodi iliyoendesha kipaza sauti. Kaka yangu akaninong'oneza, "Unaona? Amekuja kuhakikisha."

Baada ya matanga nikamwendea.

"Kanda ya mama iko wapi?"

"Bado siwezi kuitoa."

"Umeifuta?"

Akageuka akaangalia nyuma yake, vile alivyozoea, kama kuna mtu anayetusikiliza, na hakunijibu. Nikauchukua ukimya ule nikaufanya jibu. Tangu siku hiyo salamu zangu kwake zilikwisha. Nilimzima, ndiyo, kwa njia yake mwenyewe.

Haukupita muda mrefu akahama. Tulifungua maduka asubuhi moja tukakuta lori limeinamia mlango wake, mixa na spika zimefunikwa magodoro, mkewe amekaa mbele kwa dereva. Hakuaga mtu. Ndipo maneno yakapata miguu na mabawa. Wengine walisema ametoroka kwa sababu dawa yake imemgeukia. Wengine walisema amekwenda Nairobi kuuza kanda za watu, na hilo ndilo nililoliamini, maana lilikuwa na faida ndani yake, na mimi ni mfanyabiashara.

Mteja mmoja akaniambia amesikia kanda ya mama mzee akiimba maombolezo kwa wauza kaseti wa Mamboleo. Nilifunga duka mchana kweupe. Pale njiapanda, katikati ya makondakta na meza za vitunguu, nilimfanya muuzaji anichezee kanda zake zote za wanawake, moja baada ya moja, sikio langu kwenye spika, mpaka akaniuliza, "Mama, unanunua ama unasikiliza tu?" Kulikuwa na mwombolezaji kweli, sauti nzuri, lakini si yeye. Nilirudi Otonglo nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nilitamani awe ameiuza. Ingekuwa ameiuza, ingekuwa ipo mahali.

Miaka ikapita, ile ya tisini ikafika katikati na kuteremka. Siku moja mama mmoja wa samaki anayetoka Asembo Bay akapitia dukani kushonesha, akaniambia, "Kuna mzee kwetu anakuita. Anasema uje na redio kaseti, na mawe mapya ya betri."

Nikajua ni nani kabla hajamaliza. Lakini redio ya nini? Kwa nini yangu? Kaka alisema nisiende, anataka kuniuzia kitu. Hata mimi nilijiambia mtego huu. Nilinunua mawe ya betri siku hiyohiyo.

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya ufuo, na mbele yake omena zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu. Niliangalia, kwa mazoea aliyonitia mwenyewe, na sikuona waya. Hakuna nguzo, hakuna taa, hakuna chochote kinachoingia ukutani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, amepungua, kiganja nyuma ya sikio.

"Donji," akanikaribisha. "Sema kwa nguvu, nyar Seme. Masikio yameisha."

Yale masikio! Nilikaa. Mkewe akaleta chai. Nikasubiri aniambie ninywe kwanza, lakini alichukua kikombe chake akanywa tu, macho kwenye ziwa.

"Nilimpata," akasema.

"Nani?"

"Wa mvumo."

Akanieleza polepole, bila kuniangalia. Baada ya mazishi ya mama, wezi wa vyuma kuukuu walipita Otonglo. Waling'oa kile chuma chake chini ya dirisha wakaenda nacho. Aliamka akakuta shimo. Akaingia studio kwa hasira, akawasha mashine aone wameharibu nini tena. Kimya. Spika zikatulia, hakuna nzi, hakuna chupa, hakuna mtu chini ya mtu.

"Ardhi zilikuwa mbili," akasema. "Ile ya ukuta na ile yangu. Zilikuwa zinazungushiana umeme katikati ya mashine, huku unaingia, huku unatoka. Kila nikimwaga maji, naiongezea nguvu. Ingekuwa moja, yoyote, hata ile yao, hakungekuwa na kitu." Akaweka kikombe chini. "Miaka yote nilingoja adui aje. Akaja kweli, akaniibia, na akaniponya. Nikakaa kwenye kile kimya nikakumbuka ni nani nilikuwa nimewazima. Sikuweza kukaa hapo tena."

Nilitaka kumwonea huruma. Sikuweza bado.

"Na mama yangu?" nikasema kwa sauti kubwa, na si kwa ajili ya masikio yake tu. "Ulimfuta?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kaseti, lakini hakunipa. Alinyoosha mkono mwingine kuomba redio. Akaiweka kanda ndani mwenyewe, vidole vinatafuta, akafunga, akabonyeza.

Mvumo ulitoka kwanza. Mmmmm. Nikashtuka, maana zamani nilikuwa siusikii, na sasa niliusikia wazi, ni kama aliniambukiza. Halafu kikohozi. Kikohozi cha mama yangu! Halafu akamtaja baba yangu kwa jina lake na la babu yake, akaanza.

Sijui nililia kwa muda gani. Najua niliinua uso nikamkuta ameniinamia, ananikazia macho.

"Nyar Seme. Kuna mvumo?"

Nilielewa anataka nini, au nilidhani nimeelewa. Mtu mzee, masikio yamekufa, amejutia. Neno moja dogo la kumfariji lingenitosha kuondoka na kanda yangu. Lilinifika mdomoni. Lakini mtu huyu alinitesa kwa mvumo huo, alimtesa mama yangu, nami nimdanganye kwamba haukuwapo?

"Upo!" nikapiga kelele. "Upo, Mzee, unavuma vibaya, tangu mwanzo! Lakini nipe mama yangu hivyo hivyo."

Akaachia pumzi. Akaegemea kiti.

"Wanakuja," akasema. "Wa kwaya, wa magitaa. Nawawekea kanda zao, nawauliza. Wananiambia haupo, Mzee, safi kabisa. Nawapa chai, wanaenda."

"Bila kanda?"

"Mtu akinidanganya kwa kitu kidogo hivyo, nitamwachia sauti ya mtu?"

Wacha we! Nusura niliseme lile neno. Hata pale, hata kiziwi, hata baada ya yote, mzee yule bado alikuwa akipima watu.

"Ni yako," akasema. "Sikuifuta siku ile ya kwanza, wala siku yoyote. Angalia mgongoni."

Nilitazama kupitia kidirisha cha redio. Vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ambavyo ukivivunja hakuna awezaye kurekodi tena juu yake, vilikuwa vimevunjwa vyote. Alivivunja mwenyewe, akaniambia, siku ileile mama alipoimba, kwa sababu alijua kuna mtu mmoja pale Otonglo ambaye angeifuta kwa hasira, na mtu huyo alikuwa yeye.

Wimbo ulifika mwisho. Nikasikia, kwenye kanda, kiti kikiburuzwa, na sauti yake ya wakati ule, kali, yenye haraka: "Bado, Mama. Kuna mvumo. Turudie." Kisha mama yangu akajibu kwa Kijaluo, pumzi fupi, lakini hana wasiwasi wowote.

Mzee aliona uso wangu ukibadilika. "Anasema nini?" akauliza. "Hapo sikumsikia. Nilikuwa nasikiliza ule mvumo."

Nikamkaribia sikioni.

"Anasema, huo mvumo ni wako, Mzee. Yeye wimbo wake amemaliza."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kikohozi kikamshika na mkewe akatoka ndani kuangalia. Alipotulia macho yalikuwa yamelowa. Akanyoosha kidole kwenye redio.

"Zima sasa," akasema. "Unamaliza betri."

"Leo sizimi, Mzee."

Nikaongeza sauti. Mama alikuwa ameanza upya, kama alivyoambiwa, kutoka kwenye jina la baba.